Hodi ya Mfumo wa Pili

Palikuwa na nchi, na ingali ipo, maana kutoweka kunahitaji kibali na kibali chenyewe hakijatoka. Jina lake halitajwi hapa. Si kwa woga. Ni kwamba kila likitajwa, watu wa nchi tatu tofauti hugeuka na kuuliza kwa nini wanasemwa.

Katika nchi hiyo kila kompyuta iliendeshwa na mfumo mmoja tu, nao uliitwa Utulivu. Mfumo, kwa asiyejua mambo haya, ndicho kitu cha kwanza kuamka kompyuta inapowashwa, na ndicho kinachoamua programu ipi ikae na ipi ifukuzwe. Utulivu uliamka kwa kujivuta, kama mkubwa aliyeamshwa mchana. Kwanza ulipiga wimbo wa taifa, beti zote, pamoja na ule ubeti ambao hata bendi ya jeshi huunguruma tu. Ikafuata picha ya Mkuu wa Nchi akitabasamu na jembe jipya mkononi. Kisha likaja swali: "Je, umeridhika?" Chini ya swali palikuwa na kitufe kimoja kilichoandikwa "Ndiyo". Asiyekibonyeza alipigiwa wimbo upya.

Wapenzi wa gemu nao hawakusahauliwa. Ndani ya Utulivu mlikuwa na gemu moja iitwayo Gwaride. Mchezaji aliingia uwanjani, akatembea hadi mbele ya jukwaa kuu, akapiga saluti, akatoka. Hapakuwa na mshindi wala mshinde, na jambo hilo lilitajwa katika hotuba nyingi kama ushahidi wa umoja wa kitaifa. Mchezaji akibonyeza vitufe kwa pupa, skrini ilimkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Gemu nyingine zote za duniani zilikataa kukaa ndani ya Utulivu. Zikiingizwa zilikohoa kidogo, zikazimika.

*

Sikudhani Matano alikuwa mchapaji katika steshenari moja mkabala na mahakama. Alichapa viapo, mikataba, na barua za watu waliotaka kuwaambia ndugu zao mambo ambayo midomo iliyaogopa. Alikuwa amevuka miaka arobaini, mjane, mtu wa kuheshimu sheria mpaka sheria zenyewe zikaona haya. Akisikia filimbi ya askari wa barabarani alisimama hata kama yuko chumbani kwake anakula.

Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo lilikaa ndani ya kopo la mchele. Chini kabisa ya kopo lile, ndani ya kipande cha nailoni, palikuwa na flashi, na ndani ya flashi mlikuwa na mfumo wa kigeni uitwao Kasi. Kila Ijumaa akitoka kazini Sikudhani alifunga mlango, akafukua mchele, akaichomeka. Kompyuta ikiwaka ilisimama kidogo na kumuuliza anataka kuingia kwa mlango upi, wa Utulivu au wa Kasi. Alichagua Kasi. Wimbo wa taifa haukupigwa, na ukimya ule ulimtia woga kila mara, miaka yote.

Hakufuata mengi huko. Alifuata gemu moja ambayo yeye na mdogo wake waliiita Kiambo. Ni gemu ya kujenga: unapewa kiwanja msituni, unafyeka, unajenga upendavyo, na mwenzako aliye mbali anaingia kwenye kiwanja kilekile mkaonana na kusikilizana. Mwenzake alikuwa Chande, mdogo wake wa tumbo moja. Chande alikuwa ughaibuni. Zamani aliliandikia gazeti akiuliza kitufe cha "Hapana" kiko wapi, na swali lake likajibiwa upesi na watu wawili waliofika nyumbani kwake na gari lisilo na namba. Bahati hawakumkuta. Alipata habari zao kwa majirani, akavuka mpaka na nguo alizovaa, na tangu siku hiyo hajarudi.

Walichojenga kwenye Kiambo kilikuwa nyumba ya mama yao. Nyumba yenyewe, ile ya matofali, ilipakwa alama ya X kwa rangi nyekundu ili ipishe barabara, ikavunjwa asubuhi moja. Barabara haijafika mpaka leo. Pale pamesimikwa bango linalosema inakuja. Mama yao alikwenda kukaa kwa ndugu, akafa mwaka uliofuata, na mpaka siku zake za mwisho alikuwa akiuliza nani amefunga mlango wa uani. Picha za nyumba hazikubaki, kwa sababu zilikuwa zimetundikwa ndani yake. Basi ndugu hao wawili waliijenga kwa kukumbuka. Chande alileta baraza, paa, na mlango uliokwama kila masika. Sikudhani alileta jiko: kinu, kichanja cha vyombo, ukuta uliokuwa mweusi kwa moshi. Waligombana wiki nzima kuhusu urefu wa dirisha, wakapatana, wakamaliza, na tangu hapo kila Ijumaa walikaa kwenye baraza ile wakipiga soga. Ukimuuliza Sikudhani kwao ni wapi, kama angekuwa mtu wa kusema ukweli kwa wageni, angekuambia ni pale.

Kiambo kilikuwa na sharti moja. Kila msimu ukiisha, wenye kiwanja wote walipaswa kuingia kwa pamoja na kuweka mikono yao mlangoni. Mmoja akikosekana, kiwanja kilihesabiwa kimetelekezwa, na msitu ulikirudia. Misimu mingi ilikuwa imepita, na Sikudhani hakuwahi kukosa.

*

Msiba wao ulianza na uhuru.

Wafadhili wa nchi ile, watu wenye subira kubwa na masharti marefu, walisema hawawezi kuendelea kuikopesha nchi yenye mfumo mmoja. Mkuu wa Nchi akasimama jukwaani, akahakikisha itifaki imezingatiwa, akasema hivi: "Kuanzia leo kila mwananchi ana haki ya kuweka mifumo mingi kadiri diski yake itakavyobeba, na kuchagua autakao kila anapowasha. Msiseme sikuwasikia. Nimewasikia, na nimewasamehe."

Watu walicheza ngoma barabarani. Kwa vinyozi hapakuzungumzwa jingine: mfumo upi ni mwepesi, upi unakubali gemu za mpira, upi hauli umeme. Serikali ikatoa mifumo mitatu iliyoidhinishwa ili wananchi wasisumbuke kutafuta. Kulikuwa na Utulivu, na Utulivu Mpya, na kwa wale wenye roho ya ukaidi kulikuwa na Utulivu wa Upinzani, ambao ulipiga wimbo wa taifa kwa sauti ya chini zaidi. Mifumo ya kigeni nayo iliruhusiwa kabisa, bila kinyongo, mradi mwenye nayo aipeleke kwenye Mamlaka ya Uwashaji ikatambulike.

Ijumaa hiyo Sikudhani alimweleza Chande habari zote pale barazani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota pete.

"Dada, flashi iache ndani ya mchele," Chande alisema. "Imekaa humo miaka yote, haijamdhuru mtu."

"Sasa ni halali, Chande. Nimechoka kujifungia mlango kama mwizi, eti naongea na ndugu yangu."

"Kama ni halali, ya nini kwenda kuisema?"

Sikudhani alisema tu kwamba sheria ikishakukaribisha, kukaa nje ni kiburi. Haya ndiyo makosa ya watu waadilifu wa nchi ile, na hayafanywi mahali pengine popote: wakati wa marufuku Sikudhani alicheza kila Ijumaa, na tangu siku aliyokwenda kuruhusiwa hakucheza tena. Jumatatu asubuhi aliisafisha flashi kwa kitambaa, akaibeba kompyuta kwapani, akaenda.

*

Mamlaka ya Uwashaji ilikuwa na jengo jipya lenye mageti mawili, la kuingilia na la kurudishwa. Aliyempokea alikuwa Afisa Ngoda, kijana mpole mwenye tai fupi. Aliishika flashi kwa vidole viwili, akauliza imetoka nchi gani, ina nia gani, na kama imewahi kukaa na mfumo mwingine chini ya paa moja. Sikudhani akajibu kwa uaminifu wote. Ngoda akamwambia asiwe na wasiwasi, kilichobaki ni hodi.

Sheria ya Hodi ilikuwa fahari ya Mkurugenzi wa Mamlaka, Daktari Pondamali, ambaye udaktari wake ulitokana na sheria hiyohiyo. Yeye ndiye aliyegundua kwamba kuweka mfumo wa pili kwenye kompyuta ni sawa na kumwingiza mgeni kwenye nyumba ya mtu. Na sisi Waswahili, alisema, hatuingii nyumba ya mtu kama mbuzi. Mgeni anabisha hodi. Akiitikiwa karibu, anaingia. Akibisha mara tatu asiitikiwe, anageuza njia, na hana haki ya kununa.

Kwa hiyo hodi ilipigwa rasmi. Turubai lilitandwa uani, viti vya plastiki vikapangwa, meza kuu ikapata maua ya bandia na maji ya chupa. Kompyuta ya Sikudhani iliwekwa juu ya kigoda kilichofunikwa kitenge. Flashi ikachomekwa. Skrini ikaandika: "Naomba nafasi kwenye diski." Jopo la lugha, lililokuwa limekaa tayari, likathibitisha kwamba hayo ni maneno ya hodi kwa adabu za kigeni. Kila mtu akanyamaza kusikiliza Utulivu utaitikiaje.

Utulivu haukuitikia. Haukuwa na la kuitikia, maana walioutengeneza waliupa swali moja la kuuliza na jibu moja la kupokea, na hawakuona sababu ya kuupa sikio. Hodi ya pili ilipigwa Utulivu ukiwa katikati ya wimbo, na wote wakasimama. Hodi ya tatu ilipigwa wakiwa bado wamesimama. Kimya.

Daktari Pondamali akashika kipaza sauti. "Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone," alinena. "Nami nauliza, mwenyeji anaumwa? Utulivu haujawahi kuumwa hata siku moja. Sasa huyu Kasi anakuja kumponya nani?" Meza kuu ikacheka na kupiga makofi, na mshereheshaji akaomba makofi mazito ya kilo.

Sikudhani aliambiwa asikate tamaa, hodi ingepigwa tena wiki ijayo. Alipoomba arudishiwe vitu vyake akaelezwa kwamba haiwezekani: mgeni aliyekosa kupokelewa hawezi kuachwa barabarani, heshima ya nchi itakwenda wapi. Flashi ikapelekwa kwenye Nyumba ya Kufikia Wageni, ikalazwa juu ya kitanda cha futi tano, ikashushiwa chandarua. Kompyuta ikabaki stoo kama mwenyeji anayetafakari. Sikudhani aliruhusiwa kuja kuwaona saa za kuwaona wagonjwa.

*

Alikuja kila siku. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda kile akiitazama flashi kupitia chandarua, na mara nyingine aliona haya, kwa sababu mlinzi alikuwa akimpa pole kwa dhati.

Hodi ya wiki ya pili ikapita vilevile, na ya tatu. Chande alikuwa akipiga simu. Alimwambia kwamba kila Ijumaa anaingia Kiambo na kukaa barazani peke yake, na kwamba msimu unaisha Alhamisi ijayo, alasiri. Alimsihi atafute kompyuta nyingine, yeye atamtumia Kasi kwa njia zake. Sikudhani akajaribu. Mwenye steshenari alisema zake zimeshawekwa Utulivu Mpya na zinamtosha. Majirani waliokuwa na kompyuta walimwambia kwa upole kwamba wangependa kwanza kuona yeye anavyofanikiwa. Zaidi ya hayo, sheria ilikuwa imekaza uzi: zamani aliyekutwa na mfumo wa siri alihesabiwa mkosaji, lakini sasa palipokuwa na njia halali, aliyeikwepa alihesabiwa mdharau uhuru, na adhabu yake ilikuwa maradufu.

Usiku wa kuamkia Alhamisi hiyo hakulala vizuri, na si kwa sababu ya sheria. Alikuwa akiwaza jiko. Alianza kuogopa, kwa woga halisi, kwamba nyumba ya mama itavunjwa mara ya pili, na safari hii yeye ndiye aliyekwenda kuipaka X kwa mkono wake.

*

Alhamisi ilipofika, nayo ikawa siku ya hodi ya wiki ya nne, turubai lilikuwa palepale, na viti palepale. Daktari Pondamali alikuwa na suti mpya. Hodi ya kwanza ikapigwa, Utulivu ukaimba. Hodi ya pili ikapigwa. Sikudhani aliutazama mkono wa saa ya ukutani, akaona alasiri inamjia mbio. Hodi ya tatu ilipopigwa, kabla kimya hakijatulia, alisimama katika safu ya nyuma akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliye jikoni kwake:

"Karibu."

Vichwa vyote viligeuka. Ngoda aliinamisha macho. Sikudhani akaeleza kwamba tangu utoto wake hodi haichagui wa kuiitikia. Anaitikia yeyote aliyemo ndani, mzee, mtoto, hata aliyekuja kuazima chumvi. Kompyuta ni yake, kwa hiyo nyumba ni yake, kwa hiyo yeye ameitikia, na mgeni apite.

Meza kuu ilinong'onezana muda mrefu. Daktari Pondamali alikuwa amepatikana, maana mila aliyoipandia cheo ilikuwa sasa imesimama upande wa mchapaji. Lakini mtu hapati udaktari wa namna ile kwa kushindwa kirahisi. Uso wake ukachangamka polepole.

"Bi Sikudhani amesema kweli tupu," alisema. "Anaitikia aliyemo ndani. Mamlaka inapokea neno lake kama lilivyo. Ameitikia, basi yumo ndani."

Hukumu ikasomwa papo hapo. Mgeni aitwaye Kasi amekaribishwa kihalali na atapewa chumba chake kwenye diski. Makofi yakapigwa. Sikudhani akalia machozi ya furaha, asisikie vizuri sehemu iliyofuata. Sehemu iliyofuata ilisema kwamba Bi Sikudhani Matano, kwa kinywa chake na mbele ya mashahidi, amethibitisha kuwa mkaazi wa kompyuta hiyo. Chumba alichokuwa amepanga mjini kihesabiwe wazi na mwenye nyumba aarifiwe leo hii. Na kwa kuwa kompyuta sasa ina binadamu ndani yake, ni marufuku kubebwa kwapani na mtu yeyote.

Alichosikia ni kwamba Kasi utawekwa. Na kweli uliwekwa. Aliuona kwa macho yake ukiingia kwenye diski, bila ghasia, pembeni ya Utulivu. Kompyuta ikazimwa, ikawashwa, na skrini ikaonyesha majina mawili, moja juu ya jingine, na maneno: "Chagua mfumo." Nchi ile haikuwahi kuona jambo kama hilo hadharani. Bibi mmoja katika safu ya mbele alijifunika uso kwa mtandio.

Sikudhani akatoka kwenye kiti chake akaenda kuchagua. Mlinzi akamzuia kwa heshima. Mkaazi wa ndani, alielezwa, hawezi kubonyeza kitufe kilicho nje. Itakuwa ni kupiga kura akiwa sehemu mbili. Mamlaka itambonyezea.

"Basi nibonyezeeni Kasi," alisema. "Upesi, tafadhalini."

Afisa Ngoda akasogea mbele. Aliinua kidole chake juu ili kila mtu akione, akakishusha kwenye jina la Kasi, akabonyeza. Wote waliona. Kisha mshereheshaji akatangaza kwamba zoezi la kubonyeza limekwenda kwa amani, na kwamba sasa chaguo litapelekwa kwenye chumba cha kuhesabia.

Lilikuwa ni chaguo moja. Lilihesabiwa kwa muda mrefu. Umeme ulikatika kidogo ndani ya chumba kile peke yake, ukarudi. Wananchi wakatulizwa kwa ngoma na soda. Matokeo ya awali yakaonyesha Utulivu ukiongoza kwa tofauti kubwa, hasa katika maeneo ambayo hayakuwa na kitufe. Baadaye ikatangazwa kwamba Kasi ulipata chaguo moja, lakini liliharibika kwa sababu kidole kilishuka kikiwa kimepinda. Waangalizi wa kigeni, walioketi kivulini, waliandika kwamba kulikuwa na dosari ndogondogo ambazo hazikuathiri soda. Wimbo wa taifa ukaanza kupigwa kutoka kwenye kigoda.

Sikudhani alimfuata Ngoda nyuma ya turubai. Hakuwa na nguvu za kufoka. Alimwambia tu, "Mwanangu, wewe mwenyewe umebonyeza Kasi. Nimekuona."

"Nilibonyeza, mama," Ngoda akasema, na hakuwa akimkejeli. "Kuhesabu si idara yangu."

*

Simu ya Chande ilimkuta kwenye benchi la nje, karibu na geti la kurudishwa. Jua lilikuwa limeanza kuegemea.

"Dada, uko wapi? Nimeshaweka mkono mlangoni. Weka na wako."

"Sijaingia, Chande."

"Wamekataa?"

"Wamekubali," alisema Sikudhani. "Wamekubali kila kitu."

Akamweleza kwa kifupi, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuona kwamba hakuna mahali hata pamoja alipoambiwa hapana. Angeambiwa hapana angejua pa kugonga kichwa. Chande hakumlaumu. Hakumkumbusha aliyomwonya, na wema huo ulimuumiza dada yake kuliko turubai lote lile.

Halafu Chande akasema, "Msitu unaanza."

"Unaanzia wapi?"

"Jikoni."

Sikudhani alimwomba amweleze kila anachokiona, asiruke kitu. Chande akaeleza. Sakafu ya jiko ilikuwa ikichipua majani. Ukuta wa moshi ulikuwa umekwenda, kichanja nacho, vyombo vilikaa hewani kitambo kisha navyo vikatoweka. Alisema paa la uani limeondoka na sasa anaona mbingu. Alizungumza taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa barua. Barabarani, mbele ya Sikudhani, watu waliokuwa kwenye sherehe walitoka na chupa zao za soda, na mmoja wao akampungia mkono kumpongeza.

"Kinu," Sikudhani alisema ghafla. "Kinu kilikuwa upande gani? Kulia unapoingia, au kushoto?"

"Kimeshakwenda, dada. Mimi sikuwahi kukiangalia sana. Wewe ndiye uliyekiweka."

Sikudhani alifumba macho akakitafuta. Aliingia kwa mlango wa uani, akapinda, akanyoosha mkono. Aliona viti vya plastiki. Aliona kitenge juu ya kigoda. Alirudi mlangoni akaanza upya, na mara ya pili hata mlango haukuja.

"Sikumbuki," alisema. "Kumbe sikuwa nakumbuka, Chande. Nilikuwa naenda kuangalia."

Chande akamwambia asiseme hivyo. Watapata kiwanja kingine, alisema, msimu ujao, au ule mwingine, mambo ya huko hayawezi kukaa hivi milele, watajenga tena. Alisema yote hayo haraka, bila kupumua.

"Tutajenga nini?"

Kulikuwa na mkwaruzo kwenye simu, kisha ukatulia.

"Imebaki nini hapo?" Sikudhani akauliza.

"Miti tu."

"Miti gani?"

"Miti ya gemu, dada. Haina majina."

Hakuna aliyekata simu.